Mkia wa Diwani Wiebe

Jumamosi asubuhi Lorna Petryshyn alikuwa ameinama katika uwanja wa mbwa wa mji wa Kestrel Flats, akiokota kwa mfuko wa plastiki mavi ya mbwa asiye wake. Theluji ilikuwa inayeyuka, na yote waliyoyaacha wavivu tangu Novemba yalikuwa yanajitokeza. Mbwa wake Borys, mzee mwenye makengeza, alimsubiri kando bila kufungwa. Alikuwa amefundishwa kusubiri.

Uwanja huo ulikuwa jasho la watu. Wakulima walichomelea nguzo, akina mama wa kanisa la Kiukreni wakauza pirogi, vimaandazi vya kujazwa viazi, hadi waya wa uzio ukapatikana, na Lorna, dereva mstaafu wa basi la shule, akapaka rangi kibao cha langoni: mbwa achanjwe, aitike akiitwa, na mwenyewe aokote. Ndani ya uzio mbwa walikimbia bila kamba, na watu waliokuwa hawasalimiani dukani wakajikuta wanaulizana hali za magoti.

Mmoja tu hakuwa akishuka garini. Diwani Garth Wiebe alifungua mlango wa pikapu, akamwachia Duke, jibwa lenye kifua kama pipa, kisha akabaki ndani na kahawa yake na simu yake. Asubuhi hiyo Duke alimrukia Pim, kijibwa cha mzee Osmond Halloran, akamrarua sikio. Lorna alimkamata Duke kwa ukanda wa shingoni. Osmond alipiga magoti kwenye tope, akaizuia damu kwa skafu yake.

"Garth! Shuka umchukue mbwa wako!"

Diwani akateremsha kioo. "Hako kajibwa ndiko kalikoanza."

"Kaanze nini wakati kalikuwa kananusa majani?"

"Si ndiyo ninayosema siku zote, Lorna? Mahali hapa ni hatari."

Jumatatu akapeleka hoja kwenye baraza la mji: uwanja ufungwe kwa usalama wa raia, umwagwe kokoto, uwe maegesho ya wanaokuja kutazama hoki ya barafuni. Siku ya kikao aliamka ana mkia.

Ulikuwa mkia mzuri, wa kahawia kama nywele alizokuwa nazo zamani, wenye manyoya mengi kwenye ncha. Mkewe, Colleen, aliitoboa suruali ya suti na kulipinda tundu kwa cherehani ili lisifumuke. Mgahawani diwani alikaa upande upande, na mhudumu akamuuliza kama anataka maziwa kwenye kahawa. Kestrel Flats ni mji wa watu wenye adabu. Mwili wa mtu hauzungumzwi mbele yake.

Jioni ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Diwani aliinuka, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu zangu, hakuna anayeumia kuliko mimi. Na mimi nafuga mbwa."

Mkia ukatikisika kwa furaha, kushoto na kulia, ukaiangusha bilauri ya karani. Karani akafuta meza.

Lorna akasimama. "Garth, ni nani aliyelirarua sikio la Pim?"

"Hilo halijathibitishwa."

Mkia ukashuka polepole, ukapita katikati ya miguu, ukajikunja chini ya tumbo. Ukumbi mzima uliona.

"Jamani, si ameufyata!" alisema Osmond. Pim alikuwa mapajani pake, kichwa kimefungwa bandeji. "Si mmeuona?"

"Mzee Halloran, tuheshimiane," alisema mwenyekiti, Beverly Unrau. "Mkia haumo kwenye ajenda."

"Lakini ndio peke yake unaosema kweli humu ndani!" Lorna alipaza sauti. "Uzio tumeujenga sisi. Mavi ya mbwa wake tumeyaokota sisi. Aliyekosa ni mmoja, mnaadhibu mji mzima, halafu yeye huyohuyo ndiye anatutungia sheria?"

"Asante, Lorna. Muda wako umekwisha."

Hoja ilipita. Wengi walioinua mikono walikuwa wanaangalia meza.

Uzio uling'olewa, kokoto zikamwagwa. Kwa kuwa hoki ni mchezo wa majira ya baridi, kiangazi chote hapakuegeshwa gari hata moja. Mbwa wote wa mji waliamriwa kutembea na kamba. Duke alikimbia atakavyo kwenye kiwanja cha shule, na askari wa manispaa kila alipopita alimpungia diwani mkono. Pim aliogopa kutoka nje. Osmond akawa anambeba ndani ya koti, kisha akaacha kuonekana barabarani. Uchaguzi ulipofika, Wiebe alipigwa picha za kampeni mkia ukiwa umechanwa vizuri kwa kitana, akashinda.

Asubuhi moja baada ya hapo Lorna alikuwa akipita na Borys kando ya kiwanja cha shule, kamba fupi mkononi.

"Lorna! Habari za siku nyingi? Nawakumbukeni sana wote!" diwani alimwita kwa uchangamfu, na mkia ukajibana miguuni.

Borys akatikisa wa kwake kwa heshima.

"Usimjibu," Lorna alisema, akaivuta kamba.

Diwani alicheka, akampigia Duke mluzi waende nyumbani. Duke alikuwa anakojolea bembea za watoto. Hakugeuka.