Risasi Ndani ya Sufuria

Sufuria ya pichani, iliyoandikwa namba tisa, ilikuwa imelazwa kifudifudi, na kwenye kitako chake vilionekana vitone vitatu vilivyogongwa kwa msumari. Mfasiri alivitazama mpaka chai yake ikapoa. Akainuka, akafunga mlango wa ofisi, akarudi kuvitazama tena, kana kwamba vingeweza kupungua alipovipa kisogo.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya heri. Mwezi ule kulikuwa na maonyesho ya kuwaenzi wanasayansi wa Kiafrika, naye alitakiwa kuzigeuza tafiti zao kumi na mbili ziwe katika Kiswahili ambacho kila mtu angekielewa, zibandikwe ukumbini na kusomwa redioni. Kumi na moja zilimtoka mkononi bila taabu. Hii ya mwisho, yenye ile picha ya sufuria, ya mkemia mmoja mwanamke, ilikuwa na umri wa miaka sita, na muda wote huo ilikuwa imelala katika jarida la lugha ya kigeni ambalo mtaani kwao hakuna aliyewahi kulisikia. Ilisema kwamba sufuria zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu huachia madini ya risasi ndani ya chakula, kidogo kidogo, kila siku. Kwamba hayana ladha wala harufu. Kwamba wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, na kinachoumia zaidi ni akili zao.

Vile vitone vitatu vilikuwa alama ya baba yake.

Mtaani walimwita Mlio, kwa sababu hakutoa sufuria uani kwake kabla ya kuigonga kwa kifundo cha kidole na kuisikiliza. Kwa miaka thelathini aliyeyusha vipande vya injini, vitasa vya milango na mabaki ya betri za magari, na hakuna jiko la jirani lililokosa kazi ya mikono yake. Tanuri lile ndilo lililomsomesha Mfasiri. Dada yake, ambaye bado aliishi kwa baba, alikuwa na binti wa miaka minne aliyejua maneno mawili tu. Wakubwa walisema mtoto ni mpole, ana haya, siku moja ataamka na kusema yote.

Kesho yake alimfuata Mkemia maabarani. Kilikuwa chumba chembamba chenye rafu iliyojaa sufuria, kila moja ikiwa na karatasi ya namba.

"Una uhakika?" Mfasiri aliuliza. Hata kukaa hakukaa.

"Nilipima miaka mitatu. Nilitamani nikosee." Mkemia alimvutia kiti. "Nilipewa tuzo, nikapigiwa makofi. Niliporudi nyumbani mama akaniuliza nimegundua nini. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu."

"Kwa nini hukumweleza?"

"Yeye ndiye aliyenipikia utotoni."

Mfasiri alitazama ile rafu. Hakusema sufuria namba tisa ni ya nani.

Mhariri wake naye alikuwa na wasiwasi wake. "Hii ni sherehe, dada yangu," alisema akiisoma rasimu. "Risasi ni neno la kutisha. Weka 'metali nzito', mambo yaishe." Mfasiri akajaribu. Sentensi ikatoka laini, ikateleza, haikumgusa mtu. Aliisoma mara tatu, na kila mara akahisi amedanganya. Angeweza kuiacha hivyo. Hakuna ambaye angemlaumu, na pengine hakuna ambaye angejua.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na karatasi, kuna hukumu?"

Mzee alikuwa ameketi kando ya tanuri, akisugua ukingo wa sufuria mpya kwa msasa. Mfasiri akaanza kumsomea ile rasimu ya kwanza. Alipofika kwenye neno lenyewe, mzee akacheka.

"Risasi? Kwani nani kapigwa?"

"Si ya bunduki, baba. Ni madini. Yale mazito yaliyomo kwenye betri."

Kicheko kilimfifia mzee taratibu, kikianzia machoni. Aliweka msasa chini. "Rudia. Polepole."

Akarudia. Akamwonyesha na picha. Mzee hakuishika, aliinama tu juu yake, mikono ikiwa nyuma. Kisha akanyanyuka, akaingia jikoni, akaipua sufuria ya maziwa ya mjukuu na kuyamwaga uani, kwenye mchanga.

"Baba, una nini?" dada aliuliza kutoka mlangoni. Mtoto alisimama nyuma yake, akiutazama ule weupe ukizama ardhini.

Mzee aliiweka chini ile sufuria tupu. Alimgeukia Mfasiri. "Andika risasi," alisema. "Ukiweka neno jingine nitajua umenionea huruma."

Makala ilisomwa redioni Jumatatu, saa ya kifungua kinywa. Mchana, mtaa mzima ulikuwa umenyamaza kama watu waliosikia hatua juu ya dari. Hakuna aliyekuja kumtukana Mlio. Hakuna aliyekuja kabisa. Wanawake waliopita mbele ya lango lake walihamia upande wa pili wa barabara, wakiwashika watoto mkono. Yeye aliketi kando ya tanuri lililopoa, akisubiri walau mtu apige kelele.

Alhamisi alikuja Mkemia uani kwa Mlio, pamoja na muuguzi aliyebeba sanduku la vichupa vya kupimia risasi katika damu ya watoto. Mfasiri alikuwa amewaomba, na kuwaeleza wazi uani pale ni kwa nani. Ilipofika saa nne, foleni ilikuwa imetoka langoni na kupinda kona. Watu walizungumza kwa sauti ya hospitalini. Mzee alitoa benchi lake, akalifuta vumbi kwa kiganja, akaliweka kivulini kwa ajili ya wenye watoto. Hakuna aliyelikalia.

"Tuanze na nani?" muuguzi aliuliza.

Mama mmoja aliyekuwa mbele alirudi nyuma hatua moja. Wengine wakatazama miguu yao. Dada akamwinua bintiye, akapita katikati yao wote, akaketi naye kwenye lile benchi. Mtoto alinyoosha mkono kabla ya kuambiwa. Sindano ilipoingia hakulia. Aliitazama damu yake ikipanda kwenye kichupa, kwa utulivu uleule ambao miaka yote walikuwa wakiuita upole.

Mkemia aliandika namba moja.