Mzinga Uliopiga Besi

Zefania hakwenda Mandewa kutafuta ugomvi, na anayesema hivyo anamsingizia. Alikwenda kuuza kuku, majogoo wawili na mtetea mmoja, Jumatatu ya Pasaka, mwaka ule ambao maduka ya Singida yalijaa redio za kutoka Dubai na kila kijana akawa fundi. Alikuwa anakatiza nyuma ya kilabu cha pombe, kuku wananing'inia mkononi, akasikia besi. Masikioni ilifika kidogo tu, iliyobaki yote ilimgonga kifuani.

Lilikuwa disko la mchana. Ua umejaa watu, vumbi tupu, na juu ya jukwaa la makreti yuko kijana mwembamba, Kefa, fundi redio, anajisifu mpaka aibu. Anawaeleza watu alivyotengeneza spika lake kubwa bila hela: koni kaing'oa kwenye basi lililopinduka Kintinku, ukingo wake uliochanika kaushonea mpira wa ndani wa baiskeli, nyufa kaziba kwa nta. Na kasha je, wakati bei ya mbao haishikiki? Akalipiga kofi gogo nene lililolala kando yake, lililochongwa likawa wazi ndani. Watu wakamshangilia.

Zefania alipoliona lile gogo damu ilimchemka. Pale mdomoni palikuwa na mikato miwili iliyopishana na matundu matatu chini yake. Alama ya baba yake. Ulikuwa mzinga ambao marehemu aliuchonga kwa tezo miezi mitatu, na Zefania mwenyewe akautundika porini Unyambwa ungoje nyuki. Wiki mbili zilizopita alikuta kamba imekatwa na mti hauna kitu. Siku ile hakula. Mkewe alipomwambia kwamba lile ni gogo tu, alimfokea mpaka majirani wakasikia.

Na sasa limekatwa nyuma kwa msumeno, limepigwa misumari. Akawatupa kuku chini, akapanda jukwaani.

"Huu mzinga ni wangu," alisema.

Kefa akamtazama juu mpaka chini. "Shikamoo, mzee. Huu niliukuta porini. Ulikuwa mtupu, umetupwa."

"Ukiwa mtupu unangoja nyuki, mpumbavu wewe. Umeona wapi mtu anatupa kitu juu ya mti?"

"Tusiharibiane sikukuu, mzee. Shuka."

Akamsukuma kwa kiganja. Mtoto wa juzi, anamsukuma mtu mzima mbele za watu. Zefania akamzaba kofi lililomwangusha juu ya amplifaya, muziki ukakatika. Kefa akainuka na koleo akamtwanga nalo begani. Wakashikana mashati. Zefania ni mtu wa kupanda miti, mikono yake chuma, akamkaba shingo, akambamiza kichwa kwenye gogo mara moja, mara mbili, damu ikachirizika juu ya alama ya baba yake, na kwa hasira zake zote akapiga yowe.

"Mwizi! Mwizi wa mizinga huyu!"

Hapo ndipo alipokosea. Kwao Unyambwa mwizi wa mzinga anapigiwa yowe ili majirani waje. Wanakuja, wanamshika, anachapwa viboko, jioni ukoo wake unaleta mbuzi, kesi imekwisha. Zefania alikuwa amepiga yowe kama hilo mara mbili maishani, na wezi wote wawili walikuwa wazima na walikuwa wanamwamkia njiani. Alichotaka ni mbuzi, na huyu kijana aone haya. Lakini watu wa Mandewa hawakuwa na habari hizo. Walisikia neno moja tu.

Tofali la kwanza lilimpata Kefa mdomoni. Wakamvuta miguu, kidevu chake kikagonga kreti moja baada ya jingine mpaka chini, wakaanza kumkanyaga. Kiongozi wao alikuwa Kombo, muuza nyama, mtu wa miraba minne, aliyekuwa ameibiwa baiskeli wiki hiyo na hajapata wa kumlipizia. Alishika nondo. Alipoishusha, mkono wa Kefa ulivunjika na kila mtu aliusikia.

"Basi, jamani," alisema Zefania. "Inatosha."

Nani amsikilize? Akamvuta mmoja shati, akapigwa kiwiko cha jicho. "Mimi ndiye mwenye mali! Nasema inatosha!"

"Kaa pembeni, mzee," alisema Kombo. "Tunakusaidia."

Tairi likaletwa, sijui lilitoka wapi, na mafuta ya taa yakatoka kilabuni. Wakamvalisha Kefa tairi shingoni, wakamwagia. Kijana akamtafuta Zefania kwa jicho lake moja lililokuwa bado linafunguka, akamwambia kwa Kinyaturu, "Baba, nisamehe." Zefania akautazama mzinga. Mungu wangu, kwa ajili ya gogo. Kombo alikuwa ameshatoa kibiriti.

Zefania akajitupa juu ya Kefa, mafuta yakamlowesha na yeye.

"Si mwizi! Nilimuuzia mwenyewe!"

Kombo akasimama na njiti mkononi. "Unasemaje?"

"Nilimuuzia mzinga. Nilipoona anasifiwa nikaona wivu. Nimemsingizia."

"Kweli?" Kombo alimuuliza Kefa.

Kefa alitema meno. Zefania alimfinya ubavuni, akamnong'oneza akubali.

"Kweli," alisema Kefa. "Aliniuzia."

Wakamvua tairi. Kisha wakamgeukia Zefania, maana alitaka waue mtu bure, na hilo liliwauma kuliko wizi. Walimpiga kwa mateke, kwa makreti, kwa nyaya za spika. Mbavu zilivunjika. Kombo akamwinua Kefa, akamtia ile nondo katika mkono uliobaki mzima.

"Mlipe mwenyewe huyu mwongo."

Zefania hakujikinga. Alikuwa na hakika kijana ataiangusha ile nondo, kwa kuwa wao wawili tu ndio waliojua ukweli. Kefa akampiga gotini, goti la kupandia miti, likapasuka. Kombo akacheka, akasema inatosha, akageuka kuondoka. Kefa akainua nondo, akampiga Zefania tena.