Katapila ya Mama Sofia

Mama Sofia alikuwa anapepeta ufuta uani, mgongo ameupa jua, siku katapila ilipowaka kifuani mwake. Iliwaka vilevile kama zile za msituni: ikakohoa, ikasita, ikakohoa tena, kisha ikashika. Ungo ukamtetemeka mikononi, ufuta ukamwagika. Mama yake, Bi Zaina, aliyekuwa anamenya mihogo mlangoni, akainua kichwa.

"Wameshafika huku?"

"Hapana, mama. Ni mimi."

Bi Zaina akaja, akaweka sikio kifuani kwa mwanawe. "Kubwa," akasema, akarudi kwenye mihogo yake.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Wazungu wa karanga waingie Nachingwea kufyeka mashamba yao. Katapila zao zilikwenda mbilimbili, zimeunganishwa kwa mnyororo mnene kama paja la mtu, na chochote kilichokuwa katikati kililala chini: miti, vibanda, mtama uliokwisha kuchanua. Vigingi vyeupe walishavipiga mpaka nyuma ya nyumba ya Mama Sofia, pale kwenye mkorosho alipozikwa Sofia, binti yake aliyechukuliwa na surua. Tangu vigingi vile, usingizi ulimpaa. Alikuwa analala macho wazi. Kuhama hakukumtisha, watu wa kwao wamehama sana. Kilichomtisha ni ule mnyororo kupita juu ya mtoto.

Alikwenda zahanati. Mganga, Bwana Felisian, akamsikiliza kwa ile mipira yake ya masikioni.

"Hii ni trekta au katapila?"

"Katapila."

"Unalala?"

"Silali."

"Basi usiwaze sana, mama." Akampa vidonge vyeupe, akaita mwingine.

Vidonge havikufanya kitu. Bi Zaina akatafuta dawa yake mwenyewe. Jua likizama, anamkalisha mwanawe mkekani.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Naingia nyumba za watu bila hodi, wenyewe ndio wanaotoka."

"Katapila."

"Sio. Nipe mji."

"Nakupa Nachingwea."

"Nachingwea imeshachukuliwa, mwanangu. Nipe wa kwako."

"Haya, Lindi."

Bi Zaina akaenda Lindi, akala samaki wa nazi, akavaa kanga mpya, akalala kitanda cha kamba, akarudi. "Jibu ni moshi," akasema.

Mama Sofia akacheka, na alipocheka, mvumo ukashuka kidogo.

Jirani yao Shaban ndiye aliyegundua jambo. Asubuhi moja kifua kilikuwa kinavuma upande wa mbavu za kushoto, na siku hiyohiyo katapila zikaelekea kushoto, kwa akina Awadhi. Kikavuma mgongoni, zikaenda nyuma, kisimani. Baada ya hapo watu wakawa wanafika alfajiri, wengine na unga, wengine na mayai au chumvi, wanapokezana kuweka sikio.

"Mama Sofia, leo wapi?" Shaban anauliza. "Ufuta wangu nimeuanika. Usije ukaniambia niuanue bure kama juzi!"

"Juzi nilikwambia bega. Wewe ukasikia mbavu."

"Bega lenyewe limekonda hivyo, nitalijuaje?"

Watu wanacheka, kisha wanaotakiwa kuhama wanahama. Wanang'oa milango yao, wanabeba kuku, wanatoka kabla ya mnyororo. Hakuna aliyesema waende kwa Wazungu wakaulize.

Jioni moja Bi Zaina alitega kitendawili kirefu mno, na Mama Sofia, akitafuta jibu, akalala. Alilala kama mtoto aliyeshiba, kifua kimya, mpaka jua likawa juu. Waliokuja alfajiri walisikiliza, hawakusikia kitu, wakaenda zao kwa amani. Mchana huo mnyororo ukapita kwa jirani mwingine, Dionisia. Jioni Dionisia akaja na kipande cha kamba mkononi.

"Mbuzi wangu walikuwa wamefungwa," akasema. Hakupandisha sauti. "Ulikuwa umelala, sivyo?"

"Nililala, dada. Nisamehe."

Wazee wakaja kesho yake. Wakamwomba Bi Zaina, kwa heshima zote, aache vitendawili. Bi Zaina akaacha. Mama Sofia hakulala tena, na wenzake wakamwongezea mayai.

Ndipo ikafika asubuhi ambayo Shaban alisikiliza mbavu, akasikiliza bega, akazunguka mgongoni, kisha akapiga magoti. Mvumo ulikuwa kitovuni.

"Ni hapa," akasema. "Pole, shemeji."

Kazi hiyo walishaizoea. Mlango uling'olewa, chungu kikaepuliwa na uji wake, kuku wakafungwa miguu. Mama Sofia alikuwa amekaa chini ya mkorosho, mkono juu ya udongo.

"Na Sofia?"

Shaban akatazama kuku. Bi Zaina akamshika mwanawe kwapani, akamwinua.

"Mwache. Huyo angalau amelala."

Walikuwa njiani mnyororo ulipopita. Mama Sofia hakugeuka. Kifua chake kilivuma kwa nguvu hata Shaban, aliyetangulia na kitanda kichwani, akasogea pembeni kuipisha katapila.

Walifika Likunja siku ya pili, magharibi. Habari zilishawatangulia. Watu wa huko walikuwa wamewajengea kibanda kando ya njia, na nje wameweka kigoda.

"Karibu, Mama Sofia," akasema mwenyeji wao, mzee Isihaka. "Starehe. Huku hakuna katapila."

"Bado," akasema mkewe.

Alfajiri kulikuwa na watu mlangoni, wameshika mayai. Mama Sofia akatoka, akakaa kwenye kigoda, akafungua kanga kifuani kidogo. Mke wa Isihaka akainama, akaweka sikio.

"Inavuma. Lakini wapi, mama?"

Mama Sofia akasikiliza.

"Mbali," akasema.

Wakamshukuru sana. Wakaweka mayai miguuni pake, wakarudi kulala.