Springi Nne

Ijumaa iliyopita pikipiki ya Baba ilimgomea katikati ya kilima, Mama akiwa kiti cha nyuma, lori la mchanga likiwapigia honi mgongoni. Injini ililia kwa nguvu zote huku mwendo ukizidi kufa. Waliponea chupuchupu pembeni mwa barabara, na lori likapita likiwa karibu limguse Mama goti. Mama alinisimulia hayo huku akicheka. Mimi damu ilinichemka, maana kila Ijumaa lazima aende kumwona dada yake ng'ambo ya kile kilima, na kila Ijumaa lazima apelekwe na Baba. Angepanda tena, na nisingeweza kumzuia.

Pikipiki yenyewe ni ile kubwa ya safari ndefu, kuukuu, yenye maboksi ya mizigo ubavuni na kioo cha kukinga upepo. Karakana ni ya Baba. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na siku hizi naiendesha mimi pamoja na mdogo wangu, tunayemwita Tayari kwa sababu hilo ndilo neno analolisema kabla kazi haijaisha. Tayari ndiye aliyembadilishia Baba oili mara ya mwisho. Sikuhangaika kutafuta mchawi mbali.

"Uliweka oili gani?" nilimuuliza leo, Ijumaa nyingine, asubuhi, wateja wakisikia.

"Ya pikipiki, Dada."

"Usinizuge! Uliweka ya gari!"

Klachi ya pikipiki hii inaoga humohumo kwenye oili ya injini. Ukiitilia oili ya gari, pleti zinaweza kuteleza, injini ikazunguka bure na nguvu isifike kwenye gurudumu. Kila fundi analijua hilo, na nilimweleza tena Tayari kama mtoto wa chekechea. Nikamwambia nusura amuue mama yetu. Nikamwambia atoke, asiguse spana yangu tena.

Alienda kwenye pipa la taka, akafukua, akarudi na kopo tupu na kulibamiza juu ya meza yangu. Oili ya pikipiki, imeandikwa kwa herufi kubwa. Kisha akatoka akakaa kwenye ukuta wa nje.

Baba alikuwa kwenye kreti lake karibu na mlango, kikombe cha chai mkono wa kulia, wa kushoto mfukoni mwa koti. Alisikia yote.

"Mwache mwenzio," alisema, basi.

"Unamtetea! Kila siku unamtetea!"

Niliipandisha pikipiki kilimani mwenyewe. Gia ya juu, nikaongeza mafuta: mlio ukapanda, mwendo ukabaki palepale. Klachi inateleza, hilo halina ubishi. Nikarudi nikaangalia waya. Mkono wa klachi ulikuwa na ulegevu wake mdogo kama inavyotakiwa, kwa hiyo waya haukuwa umekazwa kupita kiasi. Kitu kimoja tu kilinishangaza: mkono huo ulikuwa mwepesi mno. Pikipiki hii tangu zamani inataka kiganja kizima, leo niliuvuta kwa vidole viwili.

Nikamwaga oili, nikafungua kifuniko. Gasketi, ile karatasi ya kuzibia kifuniko, ilikuwa mpya. Mtu alishapita humu.

Nafasi za springi, zile zinazobana pleti na kuufanya mkono wa klachi uwe mzito, ni sita. Springi zilikuwa nne.

Mbili zilizokosekana zilikuwa zinatazamana, ili pleti zisibanwe upande mmoja. Bolti zake zilirudishwa pamoja na washa, vipete vya chuma vya kujazia nafasi, safi kabisa. Tayari hana subira hiyo hata umlipe. Na kwenye kichwa cha kila bolti palikuwa na nukta ya rangi nyeupe, alama ya kuonyesha kwamba imeshakazwa. Katika karakana hii watu wanaoweka nukta hiyo ni wawili: mimi, na aliyenifundisha. Ila hizi zilikuwa zimechuruzika, kama za mkono unaotetemeka, na Baba hushika brashi kwa kushoto. Moja ilikosa bolti kabisa ikaangukia chuma.

Nilimgeukia Baba. "Toa mkono mfukoni."

"Kunywa chai kwanza, mama."

"Toa mkono, Baba!"

Akautoa. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja na mkono wote unatetemeka. Ndani ya kiganja alikuwa na springi mbili.

"Ilikuwa ngumu," alisema. "Nikailegeza kidogo."

"Ulimbeba Mama kwa springi nne! Na umekaa hapo unanisikiliza nikimvua nguo mwanao mbele za watu!"

"Nilitaka kusema."

"Lini? Mazikoni?"

Alitazama chai yake. Nilimpokonya zile springi. Sijawahi kumpokonya Baba kitu. Pleti zilikuwa zimeungua, nikatupa, nikaweka nyingine nilizozilowesha kwenye oili. Nikarudisha springi zote sita, nikafunga, nikajaza oili, nikarekebisha waya.

"Njoo uvute."

Alivuta. Mkono wa klachi ulifika nusu ukakwama. Alikaza meno, akavuta tena, shingo ikamtoka mishipa. Nusu. Alijaribu mara ya tatu kwa mikono miwili, ndipo ukafika, na tukabaki tunatazamana, kwa sababu usukani nao unataka mtu wa kuushika.

Mama aliingia wakati huohuo, kofia ngumu kwapani. Aliuona mkono wa Baba nje ya mfuko, wala hakushtuka.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Springi sijui ndiyo nini. Mkono najua. Si mimi ninayemfunga vifungo vya shati?"

"Na bado ukapanda?"

"Ningemwambiaje kwamba sipandi naye tena?"

Nilirusha spana hadi ukutani. "Mngekufa wote wawili kwa adabu zenu!"

Baba alichomoa ufunguo, akanipita kama sipo, akaenda hadi ukuta wa nje alipokaa Tayari, akampa. "Mpeleke mama yako."

Tayari aliingia, akapanda, kisha akanitazama mimi. "Oili ilikuwa ya pikipiki."

"Ilikuwa ya pikipiki," nilisema. "Nisamehe."

Akavuta klachi mara moja, wakaondoka, Mama kamshika kiunoni. Hasira zilikuwa bado zimenijaa na sikuwa na wa kumtupia. Nilisimama na Baba mlangoni, mikono yake yote miwili mifukoni, tukisikiliza injini ikipanda kile kilima.

"Haitelezi," alisema.

Kila Tayari alipobadili gia kule juu, mfuko wa kushoto wa koti la Baba, upande wa mkono wa klachi, ulijikunja, ukajikunjua.