Kiti cha Mbele

Siku tuliyomzika Pius pale Kinondoni, mimi nilikuwa nawaza sukari. Duka la ushirika lilikuwa na foleni tangu asubuhi, na nyumba ilikuwa imejaa watu wanaotaka chai. Jeneza linateremshwa, watu wanalia, mimi natafuta kichwani nani nimtume akapange foleni. Macho yangu yalikuwa makavu kama ya samaki wa gengeni.

Mama mkwe alikuja kwa treni kutoka Tabora. Tangu alipoingia nyumbani alikuwa akiniangalia usoni tu, hasemi kitu. Wa kusema alikuwa binti yake, wifi yangu Angelina, ambaye Mungu alimpa sauti ya kuuzia samaki akasahau kumpa samaki.

"Huyu halii," alisema ukumbini, mbele ya wanawake wote. "Kaka yangu yuko chini ya ardhi, yeye anasugua masufuria. Mboni, una lako jambo wewe."

Siku ya kuanua matanga ukoo ungekaa kikao, na Angelina alikwishatangaza atakachokisema: mwanamke asiyemlilia mumewe hakuwa mke, arudi kwao, na asichukue hata kijiko. Vijiko sikuvijali. Kilichonikaa rohoni ni kwamba labda alikuwa na haki. Nimeishi na mtu miaka yote ile, amerudi na homa kutoka Mikumi, amelala, hakuamka, nami sijisikii chochote. Labda sikumpenda. Nilijaribu kulia. Nilijifinya paja chini ya kanga mpaka likafanya alama, na nilichopata ni paja bovu.

Pius alikuwa dereva wa kombi ya watalii. Aliwapeleka Mikumi kuona wanyama, na wale waliokuwa wanaenda kisiwani Mafia aliwafikisha uwanja wa ndege. Alikuwa na maneno yake ya kazini, ambayo kwa wazungu aliyasema kwa Kiingereza na nyumbani akaniletea kwa Kiswahili, kifua mbele: "Wageni wapendwa, upande wenu wa kulia, twiga." Hata mezani hakuacha. Wageni wapendwa, upande wenu wa kulia, mchicha. Nami nikamwambia, kula baba, mchicha haukimbii.

Aliniambia wazungu wanakwenda Mafia kulala mchangani mchana kutwa mpaka wanababuka ngozi. Nikamuuliza wanaumwa nini. Akasema hawaumwi, wamechoka. Wamechoka na nini, hilo hakulijua. Lakini juu ya kitanda chetu alibandika picha ya pwani ya Mafia, mchanga mweupe na mnazi mmoja umeinama, na kila nilipolalamika kuhusu maji au unga aliionyesha kwa kidole na kusema, "Iko siku."

Haikuwako. Kombi ilikuwa ya kampuni, na sheria ya kampuni ilikuwa kwamba kiti cha mbele ni cha mgeni. Mara moja tu alinipakia, mvua inanyesha, kutoka mtaani Gerezani mpaka kwetu Mtaa wa Nyamwezi. Mbele hapakuwa na mtu. Mume wangu akanifungulia mlango wa nyuma. Nilikaa peke yangu kwenye viti vya watalii, nakitazama kisogo chake njia nzima, naye hakugeuka. Nilinuna wiki nzima. Niliona mwanamume huyu anamwogopa bosi kuliko anavyonithamini mimi.

Kampuni walikuja kuuchukua ufunguo wa kombi kabla hata hatujazika. Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Nikampa karani wao, nikamsindikiza mpaka barazani, nikarudi kuchambua mchele.

Sasa, Pius alikuwa Mnyamwezi, na rafiki yake mkubwa alikuwa Mwinyimvua, Mzaramo, fundi wa baiskeli mwenye kibanda mwisho wa mtaa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani msibani hakatazwi neno. Siku ya mazishi Mwinyimvua alijilaza mlangoni, jeneza lisipite. Akasema Mnyamwezi habebwi, kazi yake ni kubeba, ashuke achukue mzigo wake mwenyewe. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilikwenda kuangalia moto.

Siku ya kuanua matanga, watu walipokwisha kula, akaingia uani amevaa kofia ya kazi ya Pius na shati lake la kaki. Shati lilimpwaya. Alivuta mabenchi ya barazani akayapanga moja nyuma ya jingine. Mbele akaweka kigoda, na pembeni ya kigoda akaweka kitu kilichofunikwa gunia. Akaketi kwenye kigoda, akachukua ungo na kuushika kama usukani.

"Wageni wapendwa, pandeni! Leo tunaenda Mikumi na Mafia, nauli mtalipa peponi."

Watu wakajazana kwenye mabenchi wakicheka. Angelina akaja moja kwa moja kukaa mbele.

"Hapo pana mtu, dada."

"Mtu gani? Mbona simwoni?"

"Nyuma, dada. Nyuma." Kisha akanigeukia mimi, nimekaa kwenye mkeka wa wafiwa. "Mboni, njoo. Gari linaondoka."

Mfiwa hainuki mkekani kwenda kucheza. Nilimtazama mama mkwe, naye alinitazama vilevile kama siku zote. Nikainuka, kwa sababu kukataa kungetaka nguvu ambazo sikuwa nazo. Nikakaa juu ya gunia. Palikuwa laini, sikujiuliza kwa nini.

Mwinyimvua akawasha. Mara ya kwanza gari likagoma, mara ya pili likakohoa, likakohoa tena, likashika, kama lilivyokuwa likifanya kila alfajiri mbele ya mlango wetu. Aliupatia mlio ule barabara.

"Wageni wapendwa, upande wenu wa kulia, kiboko." Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, sahani bado iko mkononi. "Mchana hukaa majini na kadi yake ya chama. Akisikia harufu ya pilau, hutoka."

Balozi mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa.

"Kushoto, ndege wa Tabora. Bado hatujajua jina lake. Anapiga kelele kutwa, wanyama wengine wote wamehama." Angelina akasonya. Gari likasonga. Kisha Mwinyimvua akapunguza mwendo, na sauti akaipunguza pia. "Hapa tunyamaze. Huyo ni tembo jike, amefiwa na mwanawe. Hatumpigii honi wala picha. Tunapita polepole."

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Nyuma yangu wanawake wakaanza kulia. Mimi niliutazama ungo ukizunguka na kuwaza kwamba kesho ningeuhitaji.

Tukavuka bahari. Akasema wasiogope, dereva hajui kuogelea lakini hajaambiwa. Tukafika Mafia, kwenye mchanga ule wa uani karibu na mafiga, akawaamuru wote washuke wakalale kama wazungu. Watu wakashuka. Na mimi nikaanza kunyanyuka.

"Wewe kaa," akasema. Alikuwa bado kwenye sauti ya Pius. "Ile siku ya mvua, Mboni, nilikuweka nyuma. Ukaninunia."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za siku ile.

"Kiti kile kilikuwa cha kampuni. Sikutaka kukuweka kwenye kiti cha kuazima, halafu kesho yake namtoa mzungu mwingine hotelini, anakaa palepale." Akavua kofia, na sauti sasa ikawa yake mwenyewe. "Alikinunua Gerezani, shemeji, kwa wauza vyuma. Akakificha kibandani kwangu. Nikamwambia, wewe Mnyamwezi una wazimu, gari lenyewe utalipata wapi? Akasema gari litakuja, tuanze na kiti cha Mboni."

Akainama akalivuta gunia chini yangu. Kilikuwa kiti cha kombi, cha mbele, ngozi yake nyekundu imepasuka pembeni, na mahali ilipopasuka pameshonwa kwa uzi mweusi. Mshono ule niliujua. Pius alishona hivyo soksi zake, vibaya, mishono mirefu.

Nilipitisha kidole juu yake mpaka mwisho wa uzi.

"Haya, tumefika," Mwinyimvua akasema taratibu. "Unaweza kushuka."

"Sishuki."

"Shemeji."

"Sishuki!" Nikakishika kiti kwa mikono yote miwili, na hapo sauti ikanitoka ambayo sikuijua kuwa ni yangu, na machozi yakaja yote pamoja, yananiingia mdomoni, yanaloanisha kanga. Nilimlilia mume wangu. Nilimpenda, na nilikuwa nimemnunia wiki nzima.

Angelina alikuja kunishika aninyanyue. Mama mkwe akamwambia amwachie. Kisha yule mama akainuka kutoka mkekani, akajikokota hadi kwenye benchi lililokuwa nyuma yangu, akakaa na kuniwekea mkono begani.

"Dereva," akasema, "washa gari."