Kichwa Kilichonyolewa Nusu

Shemeji yangu nilimchora mara moja tu, tukiwa kwa kinyozi, kichwa chake kimenyolewa upande mmoja. Kinyozi alimchekesha, nami nikaudaka ule mcheko kwa mistari saba. Nilikwenda kasi mpaka penseli ikatoa moshi. Usiponiamini, muulize kinyozi, aliyekuja mbio na ndoo ya maji.

Shemeji alipofariki, dada yangu alibaki na picha za vitambulisho tu, mume kakaza shingo kama anasubiri sindano.

"Kaka, nataka kumwona anacheka."

Nikampa daftari langu. Akalia, akacheka, akalikumbatia. Kisha, kwa heshima zake nyingi, akampelekea Profesa, mchoraji wa mtaani kwetu, aukuze mchoro kwa rangi ya mafuta, ili dada autundike sebuleni.

Uprofesa huo alijipachika mwenyewe. Mtu huyu alichora chungwa moja miezi mitano, likamwozea mara nne. Michoro yangu ya chapuchapu aliiita makwaruzo.

Wiki ya tatu tukamfuata kwake. Turubai bado tupu, ila daftari limefunguliwa mezani.

"Mzee, kazi yako ilikuwa na kasoro," akasema. "Nimekusaidia kidogo kabla sijaikuza."

Alikuwa amepita juu ya penseli yangu kwa wino na brashi nyembamba. Upande ulionyolewa ameuotesha nywele, moja moja, zote zimepigwa pasi. Mdomo ameufunga.

"Huyu nani?" dada akauliza.

"Mumeo, mama. Meno yaliondoa staha."

"Mume wangu hakununa hivi hata siku nilipomfungia nje!"

"Sanaa inataka subira."

"Subira unayo, Profesa," nikamwambia. "Umepungukiwa macho tu."

Dada akanigeukia. "Mchore tena, kaka."

Hapo nikaishiwa uongo. Mcheko ule ulipita mbele yangu mara moja, na mwenyewe hayupo. Nikafunua ukurasa uliofuata, mweupe, angalau nijaribu. Kidole kikahisi vijifereji. Kumbe siku ile niligandamiza penseli kwa pupa hadi karatasi ya chini ikabonyea! Brashi ya Profesa, kwa woga wake, haikuwa imeacha hata alama huko chini. Nikailaza penseli ubavu, nikapaka kijivu polepole. Mistari saba ikabaki myeupe: kichwa nusu, meno yote nje.

"Ndiye huyo!" dada akasema, mkono mdomoni.

Profesa akavaa miwani. "Niachieni siku mbili. Hapo kwenye nywele, nikirekebisha kidogo tu..."

Dada akalitia daftari mkobani, akafunga zipu mpaka mwisho.

"Karekebishe chungwa lako."