Mji Juu ya Meza ya Makochi

Mume wangu ni fundi makochi, na mtaa mzima unamwita Mjini. Jina hilo hakupewa bure. Kabla hatujaoana alikaa miaka miwili katika ule mji mkubwa, na tangu arudi hajamaliza kuusimulia. Ukimpelekea kochi lililobonyea, kwanza utakaa usikilize habari za maghorofa, ngazi zinazopanda zenyewe na taa za barabarani zisizozimwa hata alfajiri. Mimi mwenyewe nilichumbiwa kwa habari hizo. Nilikuwa msichana mwenye akili zangu timamu, lakini mwanaume akikuambia ameiona dunia, unajikuta umemsogezea kiti.

Basi mwaka huu sikukuu ikaangukia Jumatatu. Binti yetu mkubwa, ambaye akishika jambo haliachi, alisimama wakati wa chakula cha jioni akatangaza kwamba siku hizo tatu, Jumamosi hadi Jumatatu, familia nzima itapanda treni kwenda kuuona mji wa baba.

"Baba ndiye atatuongoza," alisema. "Tukishuka tu, yeye mbele, sisi nyuma."

Mwanangu wa kati aliruka mpaka maji yakamwagika. Yeye alitaka kupanda ghorofa refu kuliko yote, afike juu kabisa, ateme mate aone yanachukua muda gani kufika chini. Mkubwa alitaka jumba la makumbusho. Mimi nilitaka kitu kimoja: kulalia mashuka yaliyofuliwa na kupigwa pasi na mtu mwingine. Mimi ni dobi, na nadhani nimeeleweka.

Kitinda, mtoto wetu wa mwisho mwenye miaka saba, hakutaka chochote. Aliuliza tu, "Tiketi ya baba itakuwa ya kwenda na kurudi?" Tukacheka, dada yake akamwambia asiulize mambo ya kitoto.

Na Mjini mwenyewe? Tonge lilimkwama. Alikohoa, akanywa maji, akasema mji wenyewe siku hizi umeharibika, bora twende kwa shangazi yake, kuna hewa nzuri. Kesho yake akasema ana makochi ya daktari wa meno, hayawezi kusubiri. Keshokutwa akasema mvua. Mvua gani, na nguo zangu zilikuwa zinakauka kabla sijamaliza kuzianika?

Nilinyamaza. Watu wanaonijua wanajua kwamba nikipiga kelele hakuna tatizo. Nikinyamaza ndipo wanapotafuta pa kukimbilia.

Halafu ghafla akageuka. Akawa yeye ndiye anayeitaka safari. Alinunua viatu vipya vyeusi, vya kamba, yeye ambaye ndala zake nimezishona mara mbili. Akaanza kupokea simu nyuma ya tangi la maji. Siku moja nilikuwa naanika mashuka upande wa pili wa tangi, nikamsikia akisema taratibu: "Usimwambie mtu. Nitakuja mwenyewe Jumamosi kabla yao. Tukishamalizana, ndio niwalete." Jioni akaniarifu, bila kunitazama, kwamba Jumamosi ataingia mjini peke yake kufuata vitambaa.

Dada yangu ni msusi, na hakuna habari ya mapenzi isiyopita mikononi mwake pamoja na nywele. Nilimweleza. Aliacha kusuka, chanuo likabaki kichwani mwa mteja.

"Mwanaume ameusifu mji miaka yote hii. Leo mke anataka kwenda, anaukwepa. Halafu ananunua viatu aende peke yake kwanza? Mdogo wangu, huko kuna mtu. Tena usishangae kuna na mtoto, mkubwa kuliko wako."

"Usiseme hivyo, dada."

"Mimi nikinyamaza ndiyo hatakuwepo?"

Yule mteja akaitikia kwa kichwa, chanuo na vyote.

Niliumia. Sitaki kujifanya jabali. Miaka miwili inatosha kabisa kuanzisha nyumba, na nyumba iliyoanzishwa haifi kwa sababu mtu amepanda treni. Nilianza kumwona huyo mwanamke. Nilimpa sura, nikampa kabati la vyombo, nikampa kochi zuri alilotengenezewa na mume wangu, wakati langu lina mbao inayochoma. Nilipiga pasi shati la mwalimu mkuu mpaka likaungua kola.

Nikafanya lile ninalolijua. Katika mifuko ya watu nimewahi kukuta pete ya ndoa, meno ya bandia, na mara moja kifaranga, hai. Nikakagua mifuko ya mume wangu yote. Nilikuta misumari mitatu na kipande cha sponji. Hata hilo halikunituliza. Mtu msafi kiasi hicho anaficha nini?

Ikafika Jumamosi yenyewe, wiki moja kabla ya safari yetu. Mjini aliamka, akaoga, akapaka mafuta, akavaa soksi, akakaa kitandani avae viatu. Kiatu cha kulia hakipo. Tulitafuta chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kwenye mapipa, juu ya paa. Nilisaidia kutafuta huku naomba kisionekane. Yeye alikuwa anatoka jasho kama mtu anayepimwa. Nikamwambia avae ndala, kama kweli ni vitambaa tu anavyofuata. Akasema hawezi kwenda kule na ndala, miguu itamuuma, atatembea sana. Atatembea sana! Kwenda kwa muuza vitambaa! Mwishoni tukasikia treni ikipiga honi, ikaondoka. Mjini akatupa soksi, akaenda kwenye karakana yake bila kunywa chai.

Nilivumilia hadi mchana. Kisha nikaacha maji ya kufulia kwenye beseni, nikajifunga kanga ya pili kiunoni, nikaenda. Njia nzima nilikuwa napika maneno. Niliyapanga: nitaanza na watoto, nitapita kwenye ujana wangu, nitamalizia na kuondoka. Leo, nilisema, aidha ataniambia huyo mtu ni nani au nitafungasha.

Mlango wa karakana ulikuwa nusu wazi. Nikasikia sauti ya mwanaume kwenye simu, imeongezwa hadi mwisho.

"Haya. Umetoka stesheni. Mbele yako unaona nini?"

"Kopo la gundi," alisema mume wangu.

"Kopo gani la gundi, ndugu yangu? Pale pana benki!"

"Ndiyo hiyo benki, nimeiwekea kopo. Sasa nashika kulia."

"Kushoto! Ukishika kulia utawaingiza watoto soko la kuku."

Nilichungulia. Juu ya meza yake kubwa ya kukatia vitambaa palikuwa na mji. Utepe wa kupimia ulikuwa barabara kuu, umenyooshwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Viberiti vilikuwa maduka. Maroli ya uzi yalisimamishwa yakawa maghorofa, na lile refu aliliongezea roli jingine juu yake. Kipande cha sponji ya kijani kilikuwa bustani. Mume wangu alikuwa ameinama, anatembeza vidole viwili juu ya utepe, polepole, midomo inachezacheza kama mwanafunzi anayekariri.

"Ungekuja leo kama tulivyopanga," ilisema simu, "ningekutembeza mpaka ungejua kila kona. Sasa utajifunza mji kwa makopo?"

"Kiatu, ndugu yangu. Kiatu kimepotea."

"Na shemeji hajashtuka?"

"Hajashtuka. Akijua kwamba sijui hata makumbusho iko upande gani, nitaweka wapi uso wangu?"

Maneno yote niliyoyapika yaliniishia mdomoni. Niliingia, nikakaa kwenye kochi la kwanza nililoliona. Lilikuwa halijatengenezwa na springi ikanichoma, lakini sikuinuka.

"Hakuna mwanamke?" nikauliza.

Mjini aligeuka, mkasi ukamponyoka. "Mwanamke gani?"

"Wa mjini."

"Mama watoto, kule mjini simjui hata mwanaume, isipokuwa huyu."

"Shemeji, hujambo?" ikasema simu.

Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakaja, halafu yakaja mengine ambayo si ya kicheko, na yeye akasimama pale, hajui anibembeleze au akimbie. Nilikuwa nimebeba mwanamke mzima kichwani wiki mbili, na kabati lake la vyombo, na mtoto wake mkubwa. Nilimtua pale karakanani. Sijawahi kusikia wepesi kama ule.

Alikata simu, akaniambia yote. Alipelekwa kule akiwa kijana mdogo, kujifunza kazi, katika karakana iliyozungushiwa ukuta. Bwana fundi alikuwa mkali, geti lilifungwa. Walilala juu ya makochi ya wateja, na Jumapili walijaza mito. Mji aliuona kwa juu ya ukuta, taa zake tu. Habari za ngazi na maghorofa alizipata kwa madereva waliokuja kuchukua makochi, na huyu wa kwenye simu alikuwa mmoja wao. Aliporudi nyumbani watu walimzunguka: vipi mjini? Angewaambiaje kwamba hajui? Akasema neno moja, likataka la pili.

"Njia ya mwongo ni fupi," nikamwambia.

"Yangu ilikuwa ndefu," alisema, "mpaka mlipokata tiketi."

Akanishika mkono. "Usiwaambie watoto."

"Siwaambii. Utawaambia mwenyewe."

"Wataniitaje?"

"Watakuita baba, kwani wana jina jingine?"

Jioni ile mkubwa alitandaza mipango yake mezani kama kawaida, akauliza tukishuka stesheni tunaelekea wapi. Mjini alinitazama. Nikajifanya napakua wali. Basi akawaambia yote.

Mkubwa alikasirika kweli. "Baba! Nimeshawaambia darasa zima!" Akakaa amenuna, mikono kifuani. Ni haki yake, na sikumkatiza. Wa kati alikuwa na swali moja tu.

"Kwa hiyo tutapotea?"

"Huenda," alisema baba yake. "Kuna rafiki yangu atatupokea stesheni, lakini huenda."

"Wote?"

"Wote pamoja."

"Safi!" alisema wa kati, akaomba aongezewe chakula.

Kitinda alimkazia macho baba yake, kijiko kimesimama.

"Kwa hiyo ulikuwa hupapendi kule?"

"Nilikuwa nalia, mwanangu. Usiku nilijifunika mto nikalia, nataka kurudi nyumbani."

"Na tukienda sasa, hutabaki?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mjini aliweka kijiko chini. "Nibaki nifanye nini, na nyinyi mnarudi?"

Kitinda alifikiri. Kisha akateremka kwenye kiti, akaenda kwenye kona yangu ya kazi. Tulisikia kapu likipinduliwa, lile la nguo ambazo wateja hawajazifuata. Mimi, ninayekagua mifuko ya watu wote, kapu langu mwenyewe sikuligusa. Akarudi amekumbatia kiatu cheusi, cha kulia.

"Kila ukisimulia kule unacheka," alimwambia baba yake. "Hapa huwa umechoka."

Mjini alikipokea kile kiatu, akakigeuzageuza mikononi. Nilitaka kumwokoa kwa mzaha, nikamkumbuka yule mwanamke wangu wa kichwani. Tulikuwa na hofu moja chini ya paa moja, mimi na mtoto wa miaka saba. Mwenzangu alikuwa amefanya jambo la maana kuhusu hofu yake, na mimi nilikuwa nimeunguza kola ya mwalimu mkuu.

Mwishowe baba yake alimpakata. Alikivaa kile kiatu palepale mezani, mguu mmoja, bila soksi, akamwambia amfunge kamba. Kitinda akapiga mafundo mawili, akavuta kuhakikisha. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kupanga safari hii, akauliza treni inaondoka saa ngapi.